Tofali, Hesabu na Ushahidi: Uandishi na Uwasilishaji wa Ripoti za Miradi ya Uhandisi ya Wanafunzi Yenye Mpango wa Biashara, kwa Mifano ya Gitega na Muyinga

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna ripoti ya mradi wa uhandisi wa wanafunzi inavyopaswa kuandikwa na kuwasilishwa pale mradi huo unapoambatana na mpango wa biashara. Mfano mkuu ni maktaba ya Muyinga, kaskazini mashariki mwa Burundi, iliyokamilika mwaka 2012 na kujengwa kwa matofali ya udongo yaliyoshindiliwa. Hoja kuu ni kwamba udhaifu unaoua mradi baada ya mahafali hautokani na upungufu wa hesabu za kihandisi peke yake wala za kibiashara peke yake, bali unatokana na kutenganishwa kwa hesabu hizo. Makala yanaonesha, kwa kutumia tofali moja, jinsi kila kipimo cha maabara kinavyozaa gharama, na jinsi kila gharama inavyopaswa kurejea kwenye kipimo. Aidha, yanapendekeza kwamba mradi utetewe mahali pawili: mbele ya watahini na watoa maamuzi, na mbele ya watu watakaoutumia, kwa lugha wanayoweza kuitumia kuuhoji.

Maneno msingi: ripoti ya mradi, mpango wa biashara, tofali la udongo, uwasilishaji, istilahi

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa uhandisi anapohitimu huacha nyuma yake kitabu: ripoti ya mradi wa mwaka wa mwisho. Kitabu hicho hupewa alama, hupigwa muhuri na kuwekwa kwenye rafu. Mashine au kielelezo kilichoelezwa ndani yake mara nyingi huishia kwenye kona ya karakana. Kwa muda mrefu hali hiyo ilichukuliwa kuwa ya kawaida, kwa kuwa ripoti ilikusudiwa kuthibitisha kwamba mwanafunzi amejifunza, si kwamba kitu alichokibuni kitaishi.

Mazingira yamebadilika. Nchini Burundi, Benki ya Uwekezaji kwa Vijana, inayojulikana kwa kifupi cha Kifaransa BIJE, iliundwa mwaka 2020. Mwaka uliofuata ilianzishwa programu ya serikali ya kuwawezesha vijana kiuchumi na kuwapatia ajira, PAEEJ. Kuwapo kwa vyombo hivyo kunaifanya ripoti ya mwanafunzi iweze kuwa hati inayosomwa na afisa wa mikopo, mshauri wa sera, au mkuu wa chama cha ushirika. Wasomaji hawa hawatafuti alama. Wanatafuta jibu la swali moja: je, fedha ikitolewa, kitu hiki kitasimama?

Swali hilo lina uzito wa pekee katika miji miwili inayoangaliwa hapa. Gitega ni mji mkuu wa kisiasa wa Burundi tangu mwaka 2019, na kwa hiyo ni mahali ambapo nyaraka zinazidi kuelekezwa ili zipate uamuzi. Muyinga, uliokuwa makao ya mkoa wa jina hilohilo kabla ya mgawanyo mpya wa mikoa wa mwaka 2025, upo karibu na mpaka wa Kobero unaoelekea Tanzania. Gitega inasimama hapa kwa niaba ya meza ya uamuzi, na Muyinga kwa niaba ya uwanja wa kazi. Ripoti njema ni ile inayosomeka kwenye meza na kutekelezeka uwanjani.

2.0 Maktaba ya Muyinga kama mradi unaosomeka

Maktaba ya Muyinga haikuwa kazi ya darasani pekee. Ilibuniwa na kusimamiwa na wasanifu vijana wa ofisi ya BC ya Brussels, kwa ushirikiano na shirika la ODEDIM la Muyinga, shirika la Satimo la Ubelgiji na shule ya usanifu ya Sint-Lucas. Ni sehemu ya kwanza ya shule iliyokusudiwa watoto viziwi. Tunaichagua kwa sababu maelezo yaliyochapishwa na wasanifu hao yana sifa ambayo ripoti ya mwanafunzi inapaswa kuiga: kila uamuzi wa kiufundi umeelezwa pamoja na chanzo chake na matokeo yake kwa watu wa mahali.

Uamuzi wa kwanza ulihusu udongo. Kwa kuwa ujuzi wa kujenga kwa udongo ulioshindiliwa ulikuwa umefifia, kazi ilianza kwa majaribio mepesi ya uwanjani: kunusa udongo, kuutazama, kuusokota kama sigara ili kuona unakatika wapi, na kuutikisa kwenye chupa ya maji ili kuona mchanga na mfinyanzi vinavyotuama. Baada ya hapo ndipo vipimo vya maabara vilipofanyika. Machimbo yalipopatikana, mashine mbili za kushindilia za aina ya Terstaram zilitumika kutoa matofali ya sentimita 29 kwa 14 kwa 9. Timu ya watu wanne iliweza kutoa hadi matofali 1,100 kwa siku.

Uamuzi wa pili ulihusu paa. Vigae vya udongo wa kuchoma vilipatikana ndani ya eneo la kilomita tatu kutoka kwenye ujenzi. Vigae ni vizito, na boriti zilikuwa za miti ya mkaratusi isiyochakatwa viwandani, ambayo haiwezi kuruka nafasi pana. Uzito wa kigae na udhaifu wa boriti vikaamua umbo la jengo: nguzo egemezi zimepangwa kila baada ya mita 1.30, na paa lina mwinamo wa asilimia 35, likichomoza nje ili kuyakinga matofali yasiyochomwa dhidi ya mvua. Hapa msomaji anaona mnyororo kamili. Bidhaa ya mafundi wa vigae wa karibu imeingia kwenye hesabu ya uzito, hesabu ya uzito imeingia kwenye nafasi ya nguzo, na nafasi ya nguzo imeingia kwenye idadi ya matofali.

Uamuzi wa tatu ndio wenye funzo kubwa zaidi kwa mwandishi wa mpango wa biashara. Ndani ya maktaba kuna wavu mkubwa wa kamba za mkonge, unaoning'inia ili watoto walale juu yake na kusoma. Ilibidi kutafuta sana hadi akapatikana mtu mmoja tu mjini Muyinga aliyejua kusuka kamba kwa mbinu hiyo. Alivuna mkonge wa papo hapo na kuanza kusuka, na katika kazi hiyo aliwafundisha wafanyakazi wengine wanne, ambao nao walipata ujuzi wa kujiingizia kipato. Kwa mhandisi, wavu ule ni kifaa cha jengo. Kwa mchumi, ni ongezeko la mafundi kutoka mmoja hadi watano. Ripoti inayotaja wavu bila kutaja mafundi wanne wapya imeacha nusu ya matokeo nje ya kitabu.

3.0 Kipimo kimoja, hesabu mbili

Tuchukulie sasa kwamba kikundi cha wanafunzi kinataka kuligeuza tofali la aina hiyo kuwa biashara ndogo. Katika ripoti ya kawaida, sura ya tatu itaeleza udongo na maabara, na sura ya tano itaeleza soko na faida. Sura hizo zinaweza kuandikwa na wanafunzi wawili tofauti, kila mmoja kwa uaminifu, na bado zikapingana. Tutaonesha mahali zinapokutana.

Tofali la sentimita 29 kwa 14 kwa 9 lina ujazo wa sentimita za ujazo 3,654. Tukikadiria kwamba udongo ulioshindiliwa una uzito wa kilo 1.9 kwa kila lita moja ya ujazo, tofali moja lina uzito unaokaribia kilo 7. Matofali 1,100 kwa siku yana maana ya zaidi ya tani 7 za udongo zinazochimbwa, kuchekechwa, kuchanganywa, kushindiliwa na kubebwa. Kwa hiyo, mpango wa biashara unaochukua kiwango cha juu cha mashine, kisha ukaweka mishahara ya watu wanne tu, umewasahau wachimbaji, wachekechaji na wabebaji. Kosa hilo si la uhasibu. Ni kosa la kutosoma uzito wa tofali.

Unene wa ukuta nao ni bei. Tofali likilazwa ili ukuta uwe na unene wa sentimita 14, na kukiwa na chokaa cha sentimita moja katikati, mita moja ya mraba huhitaji takribani matofali 33. Likigeuzwa ili ukuta uwe na unene wa sentimita 29, mita hiyohiyo huhitaji takribani matofali 67. Mstari mmoja kwenye mchoro umezidisha mara mbili gharama ya ukuta, na pia umepunguza kwa nusu eneo la ukuta linaloweza kujengwa kwa uzalishaji wa siku moja, kutoka mita za mraba 33 hadi zisizozidi 17. Mteja hanunui matofali; ananunua ukuta. Bei ya kulinganisha na tofali la kuchoma inapaswa basi kuwa bei ya mita ya mraba ya ukuta uliokamilika, si bei ya tofali moja.

Jambo la tatu ni muda. Tofali lililoongezwa saruji kidogo huhitaji kutunzwa katika unyevu ili likomae, na kwa kawaida siku 28 ndizo zinazotumika kabla ya kupima nguvu yake kamili ya kuhimili mgandamizo. Katika sura ya maabara, siku 28 ni sharti la ubora. Katika sura ya fedha, siku hizohizo ni mtaji uliofungwa. Kikundi kinachofanya kazi siku sita kwa wiki kina siku 24 za kazi ndani ya muda huo. Kikitoa matofali 1,100 kila siku, kitakuwa na matofali 26,400 uwanjani kabla hakijauza hata moja. Mishahara, saruji na maji ya matofali hayo yote vimekwisha kulipwa. Mkopo unaoanza kurejeshwa mwezi wa kwanza hautakuwa na chanzo cha malipo, hata kama biashara yenyewe ni nzuri. Afisa wa benki akiiona hesabu hii mapema anaweza kutoa muda wa neema. Asipoiona, atakuja kuwahukumu vijana kwamba ni wadaiwa wabaya.

Jambo la nne ni tofali linalokataliwa. Tutumie tarakimu za kubuni kwa ajili ya mfano. Tuseme gharama zisizobadilika za kikundi ni faranga 1,200,000 kwa mwezi, na kila tofali linalouzwa huacha ziada ya faranga 100 baada ya gharama zake za moja kwa moja. Kikundi kinahitaji kuuza matofali 12,000 ili kisipate faida wala hasara. Kikifanya kazi kwa nusu ya uwezo wa juu, kitatoa matofali 13,200 kwa mwezi, na sura ya biashara itatangaza faida. Lakini sura ya maabara inasema tofali moja katika kila kumi limepasuka au limeshindwa kipimo. Yanayobaki kuuzwa ni 11,880. Faida imegeuka hasara, na hasara hiyo ni kubwa zaidi ya inavyoonekana, kwa kuwa matofali 1,320 yaliyokataliwa nayo yalitumia saruji na nguvu kazi. Sura mbili za kitabu kimoja zimetoa majibu mawili, na hakuna aliyezisoma pamoja.

Jambo la mwisho ni majira na sarafu. Burundi ina kiangazi kikubwa kati ya Juni na Agosti, na sehemu kubwa ya mwaka inayobaki ina mvua. Mpango wenye miezi 12 inayofanana, yenye uzalishaji uleule, hauelezi uwanja wa Muyinga. Ni lazima ama ujenge banda la kukaushia na kulihesabu, ama ukubali miezi ya uzalishaji mdogo. Vilevile, mwezi Mei 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi ilishusha sana thamani ya faranga dhidi ya dola. Kwa hiyo orodha ya gharama inapaswa kugawanywa mara mbili: vitu vinavyolipiwa kwa faranga na kupatikana karibu, kama udongo, mkonge, vigae na kazi ya mikono, na vitu ambavyo bei yake hufuata fedha za kigeni, kama vipuri vya mashine na mafuta. Msomaji ataona mara moja sehemu gani ya mradi iko salama na ipi inatetereka pindi sarafu inapotetereka.

4.0 Muundo wa ripoti

Kutokana na hayo, tunapendekeza kwamba kiini cha ripoti kiwe jedwali moja, ambalo tunaliita jedwali la mnyororo. Jedwali hilo liwe na safu tano: uamuzi wa kiufundi, kipimo kinachouthibitisha, gharama inayotokana nao, mtu anayewajibika, na kitakachofanyika kipimo kikibadilika. Uamuzi wowote usio na kipimo haujawa uhandisi. Gharama yoyote isiyo na uamuzi nyuma yake haijawa mpango. Safu ya mtu anayewajibika ndiyo inayosahaulika zaidi, na ndiyo inayoeleza mradi utaishi vipi baada ya wanafunzi kuondoka. Nani atapaka mafuta mashine? Ufunguo wa ghala utakaa kwa nani? Nani atabadilisha kigae kilichovunjika, na kwa fedha kutoka mfuko gani?

Sura nyingine zijengwe kulizunguka jedwali hilo. Utangulizi ueleze tatizo kwa kutaja watu wanaolibeba, si kwa kutaja pengo la kinadharia tu. Sura ya mbinu ieleze majaribio yote, pamoja na yale yaliyoshindwa. Mchanganyiko wa udongo uliopasuka ni taarifa yenye thamani kwa kikundi kitakachofuata. Ukifichwa, kikundi hicho kitalipa gharama ileile mara ya pili. Sura ya soko itofautishe kati ya watu waliosema kwamba wangependa kununua na watu waliokwisha kulipa au kuweka ahadi ya maandishi. Sura ya mazingira isiishie kusema kwamba malighafi ni ya asili. Mkaratusi, kwa mfano, ni mti wa faida kwa boriti, lakini huathiri udongo na mimea mingine jirani. Maelezo ya maktaba ya Muyinga yanalitaja jambo hilo waziwazi na kusisitiza haja ya kusimamia misitu kwa mpango. Ukweli wa namna hiyo hauidhoofishi ripoti, unaijengea imani.

Muhtasari unaotangulia ripoti uandikwe mwisho na usizidi kurasa mbili. Mshauri wa sera huenda asisome zaidi ya hapo. Muhtasari huo useme kiasi kinachoombwa, kitakachopatikana, muda utakaopita kabla ya mapato ya kwanza, na sharti moja ambalo likikosekana mradi usianze. Waandishi wengi huogopa kulitaja sharti hilo wakidhani litamfukuza mfadhili. Kinyume chake, mfadhili mwenye uzoefu hulitafuta, na asipoliona hushuku kwamba waandishi wenyewe hawalijui.

5.0 Uwasilishaji: meza ya Gitega na uwanja wa Muyinga

Uwasilishaji ni kazi tofauti na uandishi. Ripoti husomwa kwa kurudia. Maneno ya mwasilishaji husikika mara moja. Kwa hiyo mwasilishaji achague uamuzi mmoja au miwili kutoka kwenye jedwali na kuifuatilia tangu kipimo hadi fedha, badala ya kukimbia juu ya sura zote. Slaidi iliyojaa tarakimu haimwoneshi msikilizaji uwezo wa mwanafunzi. Inamnyima nafasi ya kuuliza. Tofali lenyewe liletwe chumbani, pamoja na jingine lililoshindwa kipimo. Tofali lililokaa ndani ya ndoo ya maji tangu asubuhi na bado likashikika mkononi ni ushahidi ambao jopo la Gitega litaukumbuka.

Hata hivyo, uwasilishaji mzuri haufungi hoja. Mwaka 2013, wanafunzi wawili wa taasisi ya uhandisi ya 2iE mjini Ouagadougou, Gérard Niyondiko kutoka Burundi na Moctar Dembélé kutoka Burkina Faso, walishinda shindano la kimataifa la biashara za kijamii lililofanyika katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na kupata dola 25,000. Mradi wao ulikuwa sabuni ya kufukuza mbu, iliyobuniwa kwa mimea inayopatikana nchini humo, kwa hoja kwamba sabuni tayari imo katika kila nyumba na hivyo kinga haitahitaji tabia mpya. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu kwa sababu iliunganisha kemia, bei na mazoea ya watu katika sentensi moja. Lakini kazi haikwisha jukwaani. Ilibidi utafiti uendelee kwa miaka, kwa kuwa sabuni huoshwa na maji ilhali kinga inatakiwa kubaki kwenye ngozi, na mwaka 2016 mradi ulikuwa bado unaomba michango ya umma kupitia mtandao ili kugharimia hatua zilizofuata. Anayewasilisha anapaswa kueleza wazi mstari unaotenganisha kilichothibitishwa na kinachotarajiwa. Mshauri wa sera naye, anapoona tuzo, asidhani kwamba ameona bidhaa.

Uwasilishaji wa pili, ule wa uwanjani, huchukuliwa na wengi kuwa adabu tu: wanafunzi wanarudi kuwashukuru wenyeji. Sisi tunauona kuwa ni hatua ya uhandisi. Fundi mwashi anayelishika tofali atauliza jambo ambalo jopo halikuliuliza: linakatwaje kwa panga la mwashi, linashikaje plasta, litabebwaje mlimani kwa baiskeli bila kuvunjika pembe. Mama anayetaka kujenga chumba atauliza kama anaweza kununua kidogo kidogo, matofali 50 kila baada ya mavuno, na swali hilo litabadilisha mtiririko wote wa fedha. Maswali ya uwanjani yaandikwe kama yanavyoandikwa maswali ya watahini, na majibu yake yaingizwe kwenye ripoti ya mwisho kabla haijafungwa jalada.

6.0 Lugha ya ripoti

Hoja ya uwanjani inatupeleka kwenye lugha. Nchini Burundi, Kirundi ni lugha ya taifa na ya wote. Kifaransa kimetawala elimu ya juu. Kiingereza kimeongezwa kuwa lugha rasmi kwa sheria ya mwaka 2014. Na Kiswahili hufundishwa shuleni na kutumika katika biashara, hasa mijini na kwenye njia za mipakani kama ile ya Kobero. Ripoti iliyoandikwa kwa Kifaransa peke yake husomeka Gitega. Haisomeki kwa mfanyabiashara wa Ngara, ng'ambo ya mpaka, ambaye angeweza kuwa mteja, wala haimfikii mhandisi wa Dodoma anayeshughulika na tofali hilohilo. Burundi ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007, na mwaka 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya waliitangaza kuwa eneo moja la elimu ya juu. Eneo moja la elimu ambalo ripoti zake hazisomwi kutoka nchi moja hadi nyingine linabaki kuwa la karatasi.

Hatupendekezi kwamba ripoti nzima itafsiriwe. Tunapendekeza muhtasari wa Kiswahili wa kurasa mbili na faharasa fupi. Faharasa hiyo si pambo. Mtu akisema tofali bila kufafanua, msikilizaji mmoja atafikiria tofali bichi lililokaushwa juani, mwingine tofali la kuchoma, na wa tatu tofali la saruji. Hata Kirundi, chenye neno itafari linalofanana na letu, kinahitaji kuongezewa sifa ili maana ikamilike. Tofali la udongo lililoshindiliwa ni kitu cha nne, chenye bei na masharti yake. Mkataba unaochanganya vitu hivyo utazaa ugomvi. Hali kadhalika, neno faida hutumika kwa mauzo, kwa ziada ya tofali moja moja na kwa kinachobaki baada ya gharama zote. Kikundi kinachogawana fedha kwa maana ya kwanza huku benki ikihesabu kwa maana ya tatu kitafilisika kikidhani kinafanikiwa.

Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, pamoja na idara za Kiswahili za vyuo vikuu, zina nafasi ya kukusanya faharasa hizo. Istilahi zinazotoka karakana na uwanjani, zikiwa zimekwisha kupimwa kwa kutumiwa na mafundi, zitadumu kuliko zile zinazobuniwa mezani.

7.0 Hitimisho na mapendekezo

Makala haya yameonesha kwamba tofali moja la kilo saba linabeba ndani yake mishahara, muda wa mkopo, unene wa ukuta, majira ya mvua na thamani ya sarafu. Mwanafunzi anayeweza kuuonesha uzito huo wote katika jedwali moja amekwisha kuwa mhandisi. Asiyeweza bado ana kazi, hata kama hesabu zake za sura ya tatu hazina kosa.

Kwa kuzingatia hayo, tunapendekeza mambo manne. Kwanza, vyuo vya uhandisi vidai jedwali la mnyororo katika kila ripoti yenye mpango wa biashara, na jopo la watahini liwe na angalau mtu mmoja anayesoma hesabu za fedha na fundi mmoja anayeifanya kazi hiyo kwa mikono. Pili, mradi utetewe mahali pawili, na maswali ya uwanjani yahesabiwe katika alama. Tatu, vyombo vinavyowakopesha vijana vikubaliane na vyuo juu ya muundo mmoja wa muhtasari, ili mwanafunzi asiandike upya kila mlango anaobisha, na muda wa neema wa mkopo ufuate muda wa kiufundi wa bidhaa. Nne, kila ripoti iwe na kiambatisho kinachoandikwa mwaka mmoja baada ya kukabidhiwa, chenye kurasa chache tu, kikieleza kilichosimama, kilichovunjika na aliyekitengeneza.

Pendekezo la mwisho ndilo jepesi kuliko yote kwa gharama, na zito kuliko yote kwa matokeo. Ripoti zetu huishia siku jengo linapopigwa picha likiwa jipya. Kinachohitajika na afisa wa Gitega ni kujua jengo hilo lilivyokuwa baada ya msimu mmoja wa mvua. Na anayeweza kumwambia ni mtu wa Muyinga anayelifagia kila asubuhi. Jina la kazi ya mtu huyo, na bajeti yake, viwemo kwenye ripoti tangu ukurasa wa kwanza.